Kabla Mtoto Hajaenda Ulaya Kusomea Kilimo, Mtembeze Shambani



Mwezi wa Juni unapokaribia, katika nyumba fulani za skimu zetu huanza pilikapilika. Kijana anayesoma chuoni Karatina, au Embu, au pale Dedan Kimathi mjini Nyeri, amepokea barua kwamba atakwenda ng'ambo kusomea kilimo kwa miezi 3. Labda ni Denmaki kwa mambo ya ng'ombe wa maziwa, labda ni Uholanzi kwa viazi, labda ni Marekani. Baba anafurahi, mama anafurahi, majirani wanakuja kunywa chai. Kisha hesabu inaanza: tikiti ya ndege, pasipoti, visa, koti la baridi, sanduku lenye magurudumu.

Hayo yote ni ya lazima na sisemi yaachwe. Lakini katika matayarisho hayo kuna jambo moja linalosahauliwa mara nyingi, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Kijana huondoka bila kulijua shamba la nyumbani kwao. Anajua jina la chuo anachokwenda na saa ya ndege kuruka. Lakini mwulize ng'ombe wenu yule mwekundu alitoa lita ngapi jana asubuhi, hajui. Mwulize lile shamba la karibu na mto lilipandwa nini miaka 3 iliyopita, atakuambia umwulize mama.

Wazee wa Nyeri husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake tu ndiye ajuaye kupika. Ni maneno ya kweli. Lakini yuko pia mtoto anayetembea bila kujua chakula cha mama yake kilipikwaje, na huyo akirudi hana la kumwambia mama isipokuwa kwamba sufuria za wageni zinang'aa.

Tuseme binti yako anakwenda Denmaki. Huko shamba la kawaida la maziwa lina ng'ombe zaidi ya 200, na ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya kilo 10,000 za maziwa kwa mwaka. Mashamba mengi hukamua kwa mtambo unaojiendesha wenyewe. Ng'ombe huingia, mtambo huosha chuchu, hukamua, huandika hesabu, na ng'ombe hutoka. Mtu asiyejua chochote juu ya ng'ombe wa nyumbani ataona mtambo tu. Atarudi Mweiga au Naro Moru na picha nyingi katika simu, atazionyesha kanisani na sokoni, na watu watashangaa. Na ng'ombe wako wataendelea kutoa lita 8.

Lakini tuseme kabla ya kuondoka alishika daftari miezi 3 akipima maziwa ya kila ng'ombe asubuhi na jioni. Aliandika siku ng'ombe alipozaa, siku alipopandishwa, na siku aliponyweshwa maji na kwa ndoo ngapi. Huyo akifika Denmaki, macho yake hayatakwenda kwenye mtambo kwanza. Yatakwenda kwenye birika la maji. Ataona kwamba ng'ombe hunywa saa yoyote atakayo, usiku na mchana, na atauliza anakunywa kiasi gani. Ataambiwa kwamba ng'ombe wa kukamuliwa anaweza kumaliza lita 100 kwa siku. Atakumbuka daftari lake, ndoo 2 asubuhi na ndoo 1 jioni. Maziwa, ndugu mkulima, ni maji kwa sehemu 87 katika kila 100. Mtambo wa kukamua huwezi kuununua, wala sikushauri ujaribu. Pipa la maji zizini waweza kulinunua Karatina na kulileta nyumbani siku hiyo hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengi ya huko. Yale yanayoonekana kwa mbali ni ya fedha nyingi, na yale yenye faida kwetu yako chini, karibu na kwato za ng'ombe. Wanamwachisha kukamuliwa kama miezi 2 kabla ya kuzaa ili mwili upumzike. Wanajua siku ya kumpandisha kwa kuangalia tarehe iliyoandikwa, hawangoji bahati. Ndama ananyweshwa maziwa ya kwanza ya mama yake mapema baada ya kuzaliwa, tena kwa kipimo. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji umeme. Lakini ili kijana ayaone, sharti awe amekwenda na swali.

Kwa hivyo shauri langu la kwanza ni hili: mtoto asiondoke bila swali moja la shamba lenu. Moja tu linatosha, liwe dogo na liwe la kweli. Mbona ng'ombe wetu hukaa mwaka na nusu kabla ya kuzaa tena? Mbona viazi vya shamba la juu hunyauka na vya shamba la chini havinyauki? Wako wanaosema miezi 3 ni michache na kwamba hakuna awezaye kujifunza kilimo kwa muda huo. Kwa mtu asiye na swali, hata miaka 3 ni michache. Mwenye swali anaweza kupata jibu katika wiki ya pili, na zile wiki nyingine akajifunza namna ya kulitumia.

Swali hilo halipatikani kwa kukaa kitako. Mpe kijana shamba lote alisimamie kwa mwezi mmoja kabla ya safari, nawe ukae pembeni. Najua ni vigumu kwa baba wa skimu kukaa pembeni. Achore ramani ya shamba kwenye karatasi moja, kila kipande na ukubwa wake kwa hatua, na kilichopandwa humo misimu iliyopita. Apeleke udongo kupimwa, maana udongo mwekundu wa upande wa majani ya chai, Othaya na Tetu, una tabia ya kuwa na asidi, na udongo wa Kieni ni kitu kingine kabisa. Majibu ya kipimo ayachukue kwa maandishi. Amwendee bwana shamba, ambaye siku hizi mara nyingi ni bibi shamba, wazungumze. Tena afike siku moja katika Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Wambugu, karibu na mji wa Nyeri. Ni aibu mtu kuvuka bahari kutazama jambo ambalo angeliona kwa nauli ya matatu.

Sasa tuje kwenye viazi, maana hapo wakulima wa Kieni na wa upande wa Meru tuna maslahi makubwa. Uholanzi huvuna zaidi ya tani 40 za viazi katika hekta moja. Kwetu Kenya ni kama tani 10, au chini yake. Kwa hesabu ya eka na gunia la kilo 50, wao hupata zaidi ya gunia 300, na sisi kama 80. Mtu husikia hesabu hiyo na mara moja humwambia mtoto, "Ukirudi, niletee mbegu za huko, hata 10 tu, zifiche ndani ya soksi."

Usiseme hivyo, hata kwa mzaha. Kuleta mbegu, kiazi, kipandikizi au udongo bila kibali cha KEPHIS ni kuvunja sheria, na sheria hiyo haikuwekwa kwa kuwaonea wakulima. Mwaka 2015 iligunduliwa katika Nyandarua minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi ya viazi, na baadaye ikaonekana katika kaunti nyingine. Majike yake hujifungia katika vijifuko vyenye mayai, vidogo kama kichwa cha pini, na mayai hayo huweza kukaa udongoni miaka mingi yakingoja viazi vipandwe tena. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na husafiri kwa udongo ulioshika kwenye kiazi, kwenye jembe au kwenye kiatu. Basi fikiri kiazi 1 ndani ya soksi kinaweza kufanya nini katika skimu nzima.

Waholanzi wanawajua minyoo hao tangu zamani. Ndiyo sababu kwa kawaida sheria yao haimruhusu mkulima kupanda viazi katika shamba lile lile zaidi ya mara 1 katika miaka 3. Sisi wengine hupanda Shangi juu ya Shangi, msimu kwa msimu, kwa mbegu tulizochagua katika yale mabaki madogo yasiyouzika. Hapo ndipo penye tofauti ya gunia 300 na gunia 80, pamoja na mbegu safi na mbolea. Kijana akirudi kutoka Uholanzi na desturi hiyo ya kupumzisha shamba kwa ngano, mboga au majani ya ng'ombe, ameleta kitu kizito kuliko mbegu yoyote, na hakuna askari wa uwanja wa ndege atakayemzuia.

Usafi huo ni wa kwenda pia. Kwetu uko ugonjwa wa miguu na midomo, na wafugaji wa Ulaya wanauogopa kama moto. Viatu vya zizini vibaki nyumbani, au visafishwe mpaka visibaki na chembe ya tope. Nyama, maziwa na siagi ya nyumbani hairuhusiwi kuingia Ulaya kwa mizigo ya msafiri, basi mama asifunge kitu cha namna hiyo kwa mapenzi. Akiulizwa kama alikuwa shambani karibuni, aseme kweli. Anaweza kuambiwa angoje siku kadhaa kabla ya kugusa mifugo. Angoje.

Juu ya hali ya hewa nitasema machache. Hicho wanachokiita kiangazi si kiangazi chetu cha Januari. Mvua hunyesha na koti lahitajika. Jambo litakalomsumbua zaidi ni jua. Denmaki mwezi wa Juni jua huchomoza saa 10 na nusu alfajiri na huzama karibu saa 4 usiku, na kazi ya shamba hufuata jua. Kijana aliyezoea saa 12 za mchana na 12 za usiku atachoka kabla hajajua kwa nini. Afanye mazoezi ya kuamka mapema. Huku nyumbani mtakuwa katika baridi ya gathano, na mikono yake itapungua katika kazi, basi jipangeni.

Wako pia wanaokwenda Israeli, ingawa mafunzo ya huko mara nyingi huchukua karibu mwaka mzima. Katika bonde la Arava mvua ya mwaka haifiki milimita 50, na bado wanapanda pilipili hoho na nyanya za kuuza nje. Umwagiliaji wa matone unaotumiwa siku hizi ulianza kutengenezwa kwa biashara huko mwaka 1965, katika kijiji cha ushirika cha Hatzerim. Kieni hupata mvua mara 10 ya hiyo na zaidi, na bado tunalia njaa katika miaka mibaya. Hilo ni swali zuri la kwenda nalo. Lakini mzazi ajue pia habari nyingine. Tarehe 7 Oktoba 2023, vijana 2 wa Tanzania waliokuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo, na hawakuwa na muda mrefu tangu wafike, waliuawa katika mashambulizi ya siku ile. Simwambii mtu asimpeleke mtoto wake. Nasema aulize atakaa kijiji gani, kiko umbali gani na mpaka, na nani atapiga simu nyumbani kukitokea jambo. Mzazi anayeuliza hivyo hamkosei mtu heshima.

Na sasa fedha. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usiuze ng'ombe wa maziwa, wala usiweke hati ya shamba rehani, kwa ajili ya miezi 3. Mwaka 2023 nchi nzima iliona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana mjini Eldoret. Walikuwa wamelipa fedha nyingi katika mpango wa kupeleka watoto katika vyuo vya Ufini na Kanada, na watoto wengi hawakuondoka, na baadhi ya walioondoka walikwama huko kwa kukosa karo. Wako waliouza mashamba na mifugo. Mashamba hayo hayatarudi.

Kwa hivyo barua ikija, isomwe polepole na watu zaidi ya mmoja, kisha mwandikie chuo chenyewe, si wakala, uulize kama kinamjua mtoto wako. Angalia pia kama ni masomo kweli. Uingereza hutoa ruhusa ya kazi ya msimu, isiyozidi miezi 6, ya kuchuma matunda na mboga. Ni kazi ya halali na yenye malipo, na kijana akitaka kuifanya aifanye, lakini asiambiwe kwamba ni masomo ya kilimo, na wewe usilipe karo kwa ajili yake. Visa ya Ulaya ya kutembelea, kwa nchi kama Denmaki na Uholanzi, ni siku 90 tu katika kila siku 180, nayo si ruhusa ya kufanya kazi. Maombi yake hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari. Mwenye kungoja mpaka Mei atalala mlangoni pa ubalozi.

Nimebakiza jambo lililo gumu, ambalo wazee hawapendi kulisikia. Mtoto akirudi, atafanyia wapi hayo aliyojifunza?

Kuanzia mwaka 1962 Serikali ilinunua zaidi ya eka milioni moja kutoka kwa masetla na kuzigawia familia kama 35,000. Wewe au baba yako mlikuwa miongoni mwao, au mlikuja katika skimu za baadaye. Baba yako hakuambiwa tu, "Nenda ukalime." Alipewa kipande chenye nambari na mipaka, na mkopo juu yake, na ng'ombe wa gredi ambao hakuwahi kuwafuga. Alijifunza kwa sababu alikuwa na mahali pa kujifunzia. Leo kijana anarudi kutoka ng'ambo, na kila eka ina mwenyewe. Hati iko katika sanduku la baba, shamba limegawanywa kwa mdomo kati ya ndugu wakubwa, na yeye anaambiwa, "Umesoma sana, tafuta kazi Nairobi." Akisema tupumzishe viazi msimu mmoja, anaambiwa hajui njaa. Baada ya miezi 6 anaondoka.

Mfano mkubwa wa Nyeri ni Wangari Maathai, binti wa mkulima wa Ihithe. Aliondoka Septemba 1960 kwenda Atchison, Kansas, katika ule mpango wa kuwapeleka vijana Marekani ulioanza na ndege ya mwaka 1959 iliyochukua wanafunzi 81. Alisomea biolojia, akaendelea Pittsburgh, akarudi Januari 1966 akiwa na barua ya kazi. Alipofika kuanza, akaambiwa kazi ile amepewa mtu mwingine. Huyo ni mtu ambaye baadaye alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, na karibu tumpoteze mlangoni. Bahati yake, profesa mmoja Mjerumani alimpa nafasi katika idara ya mifugo. Katika miaka ya 1970, akitafiti kupe waenezao ndigana, aliona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda, akaelewa kwamba taabu ya ng'ombe ilianza kwenye miti iliyokatwa. Alikuwa na elimu ya ng'ambo, lakini aliyoyaona yalikuwa ya kwetu, naye aliyaona kwa kuwa alikuwa na mahali pa kusimama na kazi ya kufanya.

Mtoto wako asitegemee bahati ya profesa Mjerumani. Kabla hajaondoka, waite ndugu zake wote na mama yake, mkae pamoja. Mtenge robo eka, au nusu ikiwezekana, au ng'ombe mmoja kati ya watatu, mseme mbele ya wote kwamba kwa misimu 4 hicho ni chake kujaribia, na mavuno yakipungua hakuna atakayemcheka wala kumnyang'anya. Sisemi ugawe urithi, hayo ni mambo mengine na yana wakati wake. Misimu 4 tu, yaani miaka 2. Jambo liandikwe katika lile daftari la maziwa na wote watie sahihi. Kwa binti liandikwe kwa herufi kubwa zaidi, maana kwake ndiko ahadi hizi husahauliwa upesi.

Mambo yapigwe vigingi kabla ya Juni, na kipande hicho kisipandwe viazi msimu huu. Akifika nyumbani mwisho wa Agosti, mvua ya mwere huanza Oktoba. Atakuwa na kama wiki 6 za kulima, kutafuta mbegu iliyothibitishwa na kuweka mbolea, na vigingi atavikuta palepale mlipovipiga.